Fungua Kasha Kabla ya Kulipa

Kijana akililia kompyuta ya michezo, hela zako za mahindi Kitale au miwa Bungoma zisiishie kwenye kasha la kumeremeta. Wengi hununua Dell OptiPlex kuukuu ya ofisi, si vibaya. Ila ifungue mbele ya mwenye duka. Pawa saplai yake mara nyingi haina waya wa kulisha kadi kubwa ya michoro, na plagi zake ni za pekee, mbadala ni taabu kupata. Basi chagua GTX 1650 isiyo na tundu la waya: hula wati 75, ambazo madabodi hutoa yenyewe. Kasha jembamba? Dai kadi ya kimo kifupi. Salio nunua kumbukumbu, gigabaiti 8 mbili zifanye kazi sambamba, si 16 moja. Halafu stima! Ikirudi kwa kishindo baada ya mvua, huunguza vyote. Stabilaiza iwe kwenye bajeti tangu mwanzo.