“Tutalala wapi?” ni swali la kuulizwa nyumbani

Kila Desemba inapokaribia, na watu wanapoanza kufunga mizigo kuelekea mashambani au pwani, kuna kifungu kimoja cha maneno ambacho msomaji wa magazeti hukutana nacho mara kwa mara: “ajali iliyotokea usiku wa kuamkia jana”. Mimi ni mwalimu wa isimu, na kwa mazoea ya kazi yangu siwezi kupita maneno kama haya bila kuyageuza na kuyatazama upande wa pili. Usiku wa kuamkia. Lugha yetu haiutaji usiku huo kwa siku iliyokwisha bali kwa siku inayokuja.

Haya si mambo ya kubahatisha. Katika hesabu ya jadi ya Waswahili siku huanza jua linapokuchwa, wala si saa sita za usiku. Kwa mzee wa Lamu au wa Mvita, usiku wa Ijumaa ni ule ambao sisi wa bara huuita Alhamisi usiku. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Kwa hesabu hiyo, usiku wa kwanza wa safari ni mwanzo wa siku ya pili, na anayeutumia kama kiporo cha siku ya kwanza, akisukuma gari mpaka macho yamshinde, anakula akiba ya kesho.

Nayasema haya kwa sababu yamenipata. Miaka kadhaa iliyopita tulitoka Eldoret kwenda Mombasa, safari ya kilomita 800 hivi, tukiwa watu sita: mke wangu, watoto wawili, mama yangu mzazi, mimi, na mpwa wangu ambaye ndiye tuliyempokeza usukani. Nilipomuuliza tutalala wapi, alinijibu kwa heshima zote, “Mjomba, tutalala tutakapochoka.” Jibu hilo lilinipendeza. Lilikuwa na uhuru fulani ndani yake, na mimi nilikuwa nimechoka kupanga ratiba za mihadhara.

Tulifika Mtito Andei saa tatu usiku. Tukabisha nyumba ya wageni ya kwanza, imejaa. Ya pili, imejaa. Ya tatu ilikuwa na chumba kimoja juu ya baa ambamo muziki ulikuwa ukipigwa kwa nguvu za kutikisa vioo. Bila shaka kila aliyesema atalala atakapochoka alikuwa amechokea papo hapo. Tukaamua kusogea mpaka Voi. Asiyeijua njia hiyo afahamu kwamba kati ya Mtito Andei na Voi pana karibu kilomita 100 ambazo kwa sehemu kubwa zina mbuga ya Tsavo kushoto na kulia. Huwezi kubadili nia ukaegesha popote ukalala, maana wenyeji wa pale ni ndovu.

Katikati ya giza hilo mpwa wangu alisinzia. Sikumwona, kwani nami nilikuwa nimesinzia. Aliyekuwa macho ni mama peke yake, na ukelele wake ndio uliotuamsha tukiwa tayari tunakanyaga matawi ya miti yaliyotandazwa barabarani. Mkenya yeyote anajua maana ya matawi hayo: mbele kuna lori limeharibika. Lilikuwa limesimama njiani bila taa hata moja. Tulilikwepa kwa upana wa kiganja. Hakuna aliyesema neno mpaka Voi, na hata leo, watoto wakiwa wakubwa, kisa hicho hakisimuliwi kwa kicheko kama visa vingine vya safari.

Tangu hapo nimeshika kwamba mahali pa kulala usiku wa kwanza huchaguliwa nyumbani, gari likiwa bado baridi. Kinachochaguliwa kwanza si nyumba, ni saa. Hapa saa zetu za Kiswahili zina manufaa ambayo watoto wetu wanaojifunza kuhesabu kwa mtindo wa kigeni wanayapoteza. Saa zetu huanza kuhesabiwa na mapambazuko, na kwetu hapa karibu na ikweta jua huchwa kwenye saa kumi na mbili u nusu au karibu na hapo mwaka mzima. Saa ikisema nane, toa nane katika kumi na mbili: umebakiwa na saa nne za mwanga, na kichele. Msafiri wa Uingereza ambaye jua lake huchwa saa kumi majira ya baridi na saa tatu usiku majira ya joto hana bahati hiyo.

Kuna kipimo kingine, nacho kimo katika sheria. Sheria ya Trafiki, kama ilivyorekebishwa mwaka 2012, hairuhusu dereva wa gari la abiria au la biashara kuendesha kwa zaidi ya jumla ya saa 8 katika kila saa 24. Ajabu ni kwamba kipimo hiki hakimgusi baba aliyewapakia wanawe katika gari lake mwenyewe. Sheria yamhesabia saa dereva wa lori la saruji, ilhali mwenye mzigo wa roho sita za jamaa yake ameachiwa dhamiri yake. Sidai polisi watusimamishe njiani watuulize tumeamka saa ngapi. Nasema tu kwamba saa nane zinazomchosha mtu wa kazi hiyo haziwezi kumwacha mwalimu wa chuo kikuu akiwa mzima.

Likizo ya Desemba iliyopita, basi, tulipoalikwa harusi Mombasa, nilichukua ramani na kalamu. Eldoret hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 310. Kulala Nairobi ni kulala mapema mno, na kunaacha karibu kilomita 485 za kesho, ambazo zinaanza kwa msongamano wa magari asubuhi. Voi ni mbali mno. Makindu, kilomita kama 165 kutoka Nairobi, ilikuwa ndani ya saa nane zangu. Nikapiga simu, nikauliza mambo manne: kuna maji? Kuna lango na mlinzi? Baa iko umbali gani? Na je, nyumba iko upande wa kushoto wa barabara kwa mtu aendaye Mombasa? Msichana aliyepokea alicheka kwa swali hili la mwisho. Lakini ajaribu yeye kukata barabara ile jioni, malori yakifuatana kama siafu, ndipo ataona kwa nini niliuliza.

Tatizo halikuwa Makindu. Tatizo lilikuwa shemeji yangu wa Nairobi. “Shemeji,” aliniambia kwa simu, na sauti yake haikuwa ya mzaha, “mnapita Nairobi kama kwamba sina nyumba?”

Hapa ndipo mipango mingi ya Wakenya huvunjikia, na si jambo dogo. Wahenga walisema msafiri ni maskini ajapokuwa sultani, na kwetu kumpita ndugu ukaenda kulipia kitanda kwa mgeni ni kumwambia kwamba humhesabu. Tena kwa ndugu hakuna malipo, na malazi ya watu sita si pesa chache. Lakini kwa ndugu huondoki alfajiri. Utaamka saa kumi na moja, chai itakuwa haijawekwa jikoni. Ukiikataa umetukana nyumba. Watoto watatafutana na binamu zao. Utang'oka saa nne, na saa nne hiyo ndiyo itakayokukuta Tsavo usiku. Nilimwomba shemeji radhi, nikamwahidi usiku wa kurudi. Hakuridhika sana.

Tuliondoka saa kumi na moja u nusu alfajiri. Saa moja na ushei tulikuwa tunapita Migaa, mahali ambapo basi na lori viligongana usiku wa kuamkia Desemba 31, 2017, wakafa watu 36. Mpwa wangu alipunguza mwendo bila kuambiwa.

Serikali iliijibu ajali hiyo kwa kupiga marufuku mabasi ya masafa marefu kusafiri usiku. Abiria wengi walikwama vituoni, na baada ya majuma machache marufuku yakaondolewa kwa masharti. Oktoba 2018 basi lililotoka Nairobi usiku kuelekea magharibi lilianguka Fort Ternan kabla ya mapambazuko, wakafa watu zaidi ya 50. Walioyatetea marufuku walisema, mnaona? Walioyapinga walitaja ubovu wa magari na wa madereva, na ukweli kwamba hata mchana watu hufa. Nao hawakukosea, kwani maafa ya Londiani ya Juni 2023, ambapo lori liliwaua zaidi ya watu 50, yalitokea jioni.

Mimi naona kwamba pande zote mbili hazikuuliza swali alilopaswa kuulizwa abiria: utalala wapi? Mtu mwenye gari hujadiliana na shemeji. Mwuza mboga wa Busia anayekwenda Nairobi kufuata bidhaa hana mjadala. Kwake yeye basi la usiku ni chombo cha kusafiria na ni kitanda pia. Akisafiri mchana itambidi alipie malazi Nairobi na apoteze siku ya soko. Kumkataza basi la usiku bila kumwonyesha godoro ni kumnyang'anya malazi yake, nayo ni malazi mabaya na ya hatari, lakini ndiyo anayoyamudu. Ndiyo maana marufuku hayakudumu. Umaskini na giza vilishirikiana kuyashinda.

Hata majina yetu yanaonyesha kwamba jambo hili tumelisahau. “Kituo” chatokana na kutua, yaani kushusha mzigo. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19 hawakuuliza kituo kiko umbali gani bali kina maji gani. Jina la Maji ya Chumvi, kwenye njia ya kutoka Mombasa, bado linamwonya mpita njia mpaka leo. Sasa kituo ni mahali pa kupandia gari, na hakuna anayetua kitu. Na “hoteli”, kwa Mkenya wa kawaida, si mahali pa kulala kabisa. Tuliposimama Emali kununua maji nilimwuliza kijana mmoja, kwa ajili ya kulinganisha bei, hoteli nzuri iko wapi. Akanionyesha kibanda cha chapati na maharagwe. Nami nafundisha semantiki!

Makindu tulifika saa tisa na dakika ishirini. Watoto walilalamika kwamba jua bado kali na tungeweza kuendelea. Mpwa alinitazama, nikatikisa kichwa. Tukashusha mizigo, tukajaza mafuta ili asubuhi tusipange foleni, kisha tukaenda kwenye hekalu la Wasikh, wale ambao Mswahili amezoea kuwaita Makalasinga. Hekalu hilo lilijengwa mwaka 1926 na watu waliokuwa wakifanya kazi katika reli, nalo limejulikana kwa kuwapa wasafiri wa dini zote chakula na malazi bila malipo. Unavua viatu, unafunika kichwa, unaketi, unapewa mkate na dengu. Sisi tulikuwa na uwezo wa kulipia vyumba, kwa hiyo tuliona si haki kuchukua kitanda cha asiye nao. Tulikula tu na kuacha sadaka. Mama alimwuliza mtumishi mmoja kama hawaogopi wezi. Yule bwana alitabasamu, akamwongezea dengu.

Nilipokuwa nikila nilifikiri juu ya kaunti ambazo barabara hii inazipitia, Machakos, Makueni, Taita Taveta na wenzao. Ikiwa waumini wachache wameweza, kwa michango yao, kumlaza msafiri kwa miongo mingi, je, serikali ya kaunti inayotoza ada za maegesho haiwezi kujenga uwanja wenye ukuta, taa, bafu na vitanda vya bei ya mwananchi, basi likaingia saa moja jioni na kutoka alfajiri? Mwenye basi atasema atapoteza mapato ya usiku. Atapoteza, na nauli itapanda kidogo. Lakini hayo ni mazungumzo ya hesabu, na hesabu hujadilika. Mpaka sasa tumekuwa tukijadili marufuku tu.

Saa tatu usiku wote walikuwa wamelala. Nilikaa nje kidogo nikiyasikiliza malori, na mara moja moja basi, likipita kasi kuelekea pwani na taa zake za ndani zimezimwa.

Tuliingia Mombasa siku ya pili kabla ya saa saba mchana, na mama akapata muda wa kuoga na kujipumzisha kabla ya mkesha wa harusi. Wakati wa kurudi tulilala kwa shemeji kama nilivyoahidi. Alikuwa amechinja mbuzi. Saa tano usiku tulikuwa bado mezani, na asubuhi tuliondoka, baada ya chai, saa nne na robo.