Kitochi Kisifungiwe Mlango

Kiroba cha ndizi kinapopakiwa kwenye buti la basi pale stendi ya Msamvu, Morogoro, hakiandikwi mtaa wala sanduku la posta. Kinaandikwa namba ya simu kwa maka peni, na juu yake jina moja tu la mpokeaji. Konda naye anaachiwa namba hiyohiyo. Basi likiingia Kituo cha Magufuli, Mbezi, mwenye mzigo anapigiwa, anakuja, anakomboa kiroba chake. Fedha ya ndizi inarudi Morogoro kwa njia ya simu, na wakala wa jirani anaigeuza kuwa noti. Katika mzunguko wote huo hakuna aliyelazimika kununua bando wala kupakua programu. Simu ya batani, hii tunayoiita kitochi, imetosha mwanzo hadi mwisho.

Mjadala wetu kuhusu simu siku hizi unakipita kiroba hicho bila kukiona. Hotuba na matangazo yanahesabu simu janja. Kila taasisi inataka kuwa na programu yake, na kila bango linatuambia tupakue. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: simu janja iwe ndiyo mlango wa kupitia kila anayetaka huduma, au iwe mlango mmojawapo? Nasema iwe mlango mmojawapo. Sisemi hivyo kwa kuipenda teknolojia ya jana. Nasema hivyo kwa sababu ya namna simu zilivyoenea hapa kwetu na zinavyotumika mpaka leo.

Kilichoieneza simu

Kampuni ya Mobitel ilipoanza mwaka 1994, simu ya mkononi ilikuwa ya wenye nazo. Vodacom ikaingia mwaka 2000, Celtel mwaka uliofuata, ushindani ukashusha bei na vocha za kukwangua zikafika hadi magengeni. Asiye na salio akabuni kubipu: unapiga, unakata kabla mwenzako hajapokea, naye anajua afanye nini. Baadaye vifurushi vya muda wa maongezi vilipokuja, anayebipu akaanza kuonekana bahili.

Badiliko kubwa zaidi, hata hivyo, halikuwa la maongezi. Aprili 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, M-Pesa, huduma ya kutumiana pesa kwa simu, ilianza Tanzania, na kampuni nyingine zikafuata. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana fedha ivuke kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Ni nchi chache mno duniani zilizokuwa zimefika hapo wakati huo. Utafiti wa FinScope wa mwaka 2023 ulionyesha kwamba asilimia 76 ya watu wazima nchini wanatumia huduma rasmi za fedha, kutoka asilimia 65 mwaka 2017. Waliowaingiza wengi wao hawakuwa benki zenye viyoyozi.

Walioingiza watu ni wawili. Wa kwanza ni ile menyu ya nyota na reli, inayofunguka kwenye simu yoyote, iwe mpya au imefungwa kwa rababendi, iwe ina intaneti au haina. Wa pili ni wakala: mtu mwenye meza, mwamvuli na daftari, anayemwelekeza mteja, anayemtambua mzee asiyeona vizuri maandishi, na anayejua la kufanya pesa ikienda kwa namba isiyo yake. Mapinduzi tunayojisifia yalijengwa juu ya kitochi na binadamu. Simu janja ilikuta nyumba imeshasimama.

Ilipokuja, haikukitoa kitochi. Mwishoni mwa mwaka 2023 takwimu za Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, zilionyesha laini za simu zaidi ya milioni 70, wakati sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, watoto wachanga wakiwamo. Maana yake si kwamba kila mtu ana simu. Maana yake ni kwamba wenye simu wana laini mbili, tatu, na wapo wasio na hata moja. Simu janja kwa mwaka 2024 zilikuwa zimefikia kiasi cha theluthi ya Watanzania au zaidi kidogo.

Mwangalie dereva wa bodaboda nje ya geti la Msamvu. Simu janja ipo mfuko wa ndani, ya WhatsApp na picha. Mkononi ana kitochi, na laini yake ya pesa iko humo. Ukimuuliza sababu, hana falsafa: chaji ya janja inaisha kabla ya jua kuzama, kitochi kinakaa siku kadhaa, janja inawavutia vibaka wa stendi, kitochi hakuna anayekitamani, na tangu mabasi yaruhusiwe kutembea saa 24 mwaka 2023, ile tochi iliyokipa jina inafanya kazi usiku kucha. Tunapenda kudhani watu wanapanda ngazi, wakiacha simu ya chini na kushika ya juu. Hawa hawajapanda ngazi yoyote. Wamegawanya kazi, kila simu na yake.

Upande wa mlimani

Ukiacha Msamvu na kupanda milima ya Uluguru, kwenda Mgeta na Nyandira au kuzunguka upande wa Kinole na Matombo, mgawanyo huo unakuwa wa lazima zaidi. Mlima una mikunjo. Mnara unaoangalia upande mmoja hauoni bonde la pili, na wenyeji wanajua kona gani ya njia ina mtandao na mtandao wa nani. Ndiyo maana laini mbili huko si anasa. Umeme nao haujafika kila kitongoji, kwa hiyo simu inayokula chaji ni gharama ya pili baada ya bei ya kuinunua.

Serikali haijakaa kimya. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, UCSAF, ulisaini Mei 2023 mikataba na kampuni za simu ya kujenga minara 758 katika kata za vijijini, Rais Samia Suluhu Hassan akishuhudia. Ni hatua kubwa. Lakini mnara unaleta mawimbi tu. Hauleti simu, hauleti bando, wala haumfundishi mtu kuitumia. Katika Afrika Kusini mwa Jangwa la Sahara, wengi wa wasiotumia intaneti leo wanaishi mahali ambapo mtandao tayari upo. Kinachowazuia ni bei ya kifaa na kutojua pa kuanzia.

Juu ya bei tumeshajaribu dawa moja. Bajeti ya mwaka 2021/22 iliondoa VAT ya asilimia 18 kwenye simu janja, vishikwambi na modemu, kwa shabaha ya kufikisha watumiaji wa intaneti asilimia 80 ifikapo mwaka 2025. Mwaka mmoja baadaye msamaha huo ukafutwa, kwa hoja kwamba haukuleta matokeo yaliyotarajiwa. Kodi iliondoka na kurudi, na mkulima wa kabichi hakuuona mlango ulipofunguka wala ulipofungwa.

Simu janja ina lake

Wanaoitetea simu janja wana hoja, na ni haki kuzisikiliza. Mkulima wa njegere Nyandira mwenye kitochi anampigia dalali mmoja na kuambiwa bei moja. Mwenye simu janja anapiga picha gunia lake, anaituma kwenye kundi la wanunuzi, anasikia bei ya Soko la Chifu Kingalu mjini na ya Dar es Salaam kabla hajashusha mzigo. Bado hana lori, na dalali bado ndiye anayejua nani ana lori. Lakini angalau hajafumbwa macho. Mwanafunzi naye anapata masomo ambayo menyu ya nyota na reli haiwezi kuyabeba. Hakuna mtu mwenye akili atakayesema watu hao wanyimwe.

Pia si kweli kwamba kitochi ni salama. Ujumbe wa «ile hela tuma kwenye namba hii» hauhitaji intaneti, na hapa Morogoro tuna sababu ya kuona haya: katika ripoti za TCRA za majaribio ya ulaghai kwa simu, mkoa wetu na Rukwa ndiyo inayotajwa mara kwa mara kileleni. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza Mei 2019 na kufuatiwa na uzimaji wa laini ambazo hazikusajiliwa Januari 2020, haukuumaliza wizi huo, kwa sababu laini inaweza kusajiliwa kwa kidole cha mtu asiyejua amesajili nini. Ndiyo maana tunahimizwa kupiga *106# kuona namba zilizo chini ya majina yetu, na kutuma namba za matapeli kwenda 15040. Huduma zote mbili, tuseme ukweli, zinafanya kazi kwenye kitochi.

Simu janja nayo imekuja na wezi wake. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zinazoendeshwa bila leseni. Mtu anapakua, anaruhusu kila kinachoulizwa kwa sababu hajaelewa, anapewa fedha kidogo yenye riba ya kukausha damu, na akichelewa siku mbili ujumbe wa kumdhalilisha unatumwa kwa mama mkwe, kwa bosi na kwa mwenyekiti wa kikundi. Tapeli wa kitochi anakuibia salio. Huyu wa pili anachukua na heshima.

Kuna pia simu zenyewe za mkopo, zinazolipiwa kidogo kidogo kila siku. Zimewafikisha wengi kwenye simu janja ambayo wasingeimudu kwa mkupuo, na kwa hilo zinastahili sifa. Lakini siku usipolipa, simu inafungwa. Ikiwa tiketi yako, malipo yako na kazi yako vyote vimo ndani ya simu hiyo, kinachofungwa ni zaidi ya simu.

Mlango uwe na upana gani

Turudi kwenye huduma za umma, maana hapo ndipo uamuzi uko mikononi mwetu. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, imesimamia tiketi mtandao kwa mabasi ya mikoani, na nia yake ni nzuri: kubana ulanguzi wa msimu wa sikukuu, kuweka kumbukumbu za abiria, kukusanya kodi. Treni ya SGR, iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024, nayo tiketi yake unaweza kuikata kwa mtandao. Vyote hivyo vinakwenda, lakini angalia namna vinavyokwenda. Msamvu abiria wengi hawakati tiketi mtandao wao wenyewe. Wanataja jina na namba dirishani, wakala anabonyeza, karatasi inatoka. Mfumo ni wa kisasa, mlango wake ni mtu. Tukimwondoa mtu huyo kwa jina la kurahisisha, tutakuwa tumemrahisishia mwenye simu janja peke yake.

Na hata huyo hatakuwa na uhakika. Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilipokatika, intaneti ilidorora nchi nzima. Mwishoni mwa Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, ilizimwa kwa siku kadhaa. Huduma yenye mlango mmoja, mlango huo ukifungwa, inabaki ukuta. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.

Tumeona pia watu wakirudi nyuma. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza tarehe 15 Julai 2021, kuanzia Sh10 hadi Sh10,000 kwa muamala, wengi waliacha kutumiana pesa kwa simu na kurudia noti mfukoni. Serikali ilipunguza tozo hiyo kwa asilimia 30 miezi miwili tu baadaye. Somo lake ni kwamba mazoea ya simu si mizizi ya mbuyu. Yanashikiliwa na bei na imani, na mojawapo ikitikiswa watu wanaondoka.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kanuni moja, na ingefaa iandikwe kwenye miongozo ya serikali: hakuna huduma ya umma itakayozinduliwa kwenye programu kabla haijafanya kazi kwenye menyu ya nyota na reli, bila makato ya kuifungua, na kabla haijawa na dirisha lenye mtu. Menyu ya *152*00# ipo tayari na inaonyesha linawezekana. Wakala atambuliwe kuwa sehemu ya miundombinu: afundishwe kutambua utapeli na alindwe, badala ya kuachiwa hasara anapotapeliwa. Mikataba ya simu za mkopo iandikwe kwa Kiswahili kinachosomeka, na iseme wazi kwamba simu ikifungwa, kupiga na kupokea, pamoja na menyu ya pesa, vibaki wazi. Nayo TCRA, pamoja na kuhesabu laini, ituambie kila robo mwaka ni watu wangapi wasio na simu kabisa, wanawake na wanaume, mjini na kijijini.

Ipo hofu kwamba kanuni kama hiyo itachelewesha simu janja. Haitachelewesha. Vijana wanaitaka, bei za simu zilizotumika zinashuka, mikopo ipo, na kila mwaka wanaoishika wanaongezeka bila kusukumwa na mtu. Itaenea kwa sababu inawafaa wanaoinunua. Serikali haina haja ya kuisaidia kwa kumfanya asiyenayo ashindwe kusafiri, kulipa au kuuza ndizi zake.