Ngualla iachiwe mota

Tangu serikali itoe leseni maalumu ya kuchimba madini adimu ya mlima wa Ngualla, mkoani Songwe, mwaka 2023, vijiwe vya Tunduma vimepata wanafizikia wapya. Foleni ya malori ya shaba ikisimama mpakani, nafasi ya kubishana ni kubwa.

Wanasema madini adimu ya Ngualla yatatengenezewa nyaya za superkondakta, zinazopitisha umeme bila ukinzani wowote. Nyaya hizo zipo kweli, ila hutumia itriamu au gadoliniamu, ambazo Ngualla inazo kwa uchache sana. Thamani ya mlima ule ni neodimiamu na praseodimiamu, na wanunuzi wake ni watengenezaji wa sumaku za mota za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Na aliyeongeza kwamba nyaya hizo zitamaliza kukatika kwa umeme, amwulize fundi yeyote: nguzo ikianguka au transfoma ikiungua, waya uwe wa aina gani, giza ni lile lile.

Mbishi mwenye kusoma kidogo atajibu kwamba hata neodimiamu inatengeneza superkondakta. Hapo ana hoja. Mwaka 2019, kundi la watafiti la Harold Hwang katika Chuo Kikuu cha Stanford, akiwemo Danfeng Li, liliotesha utando wa neodimiamu, strontiamu, nikeli na oksijeni juu ya fuwele, kisha likaondoa sehemu ya oksijeni kwa kemikali na joto la wastani. Ukinzani ukatoweka, lakini kwenye baridi ya nyuzi 260 hivi chini ya sifuri. Unene wa utando ulikuwa kama sehemu moja ya laki moja ya milimita, na kampaundi hiyo ikiwa bonge haikuonyesha tabia hiyo. Sasa tupige hesabu. Gramu moja yake, ikitandazwa kwa unene huo, inafunika takriban mita za mraba 14, yaani sakafu ya chumba cha kulala. Maabara zote za dunia hazitajaza hata kiroba. Anayesubiri msururu wa malori kwa ajili hiyo atasubiri sana.

Kwamba superkondakta ya joto la kawaida imeshapatikana? Mwanafizikia Ranga Dias alitangaza hivyo Machi 2023, akitumia lutetiamu, ndugu wa madini haya haya. Novemba mwaka huo huo jarida la Nature likaifuta makala yake.

Wenye kukata tamaa nao wanakosea wanaposema basi Songwe haina lake hapa. Sumaku ya mashine ya MRI hospitalini ni koili ya niobiamu na titaniamu iliyozamishwa kwenye heliamu kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Bonde la Rukwa, linaloingia Songwe, lina heliamu hiyo, inayozaliwa taratibu atomi za urani na thoriamu zinapovunjika ndani ya miamba ya kale, kisha kusukumwa juu na joto la bonde la ufa. Watafiti wa Oxford na Durham waliitangaza mwaka 2016, na mwaka 2024 kisima cha Itumbula kikaitoa hadi juu ya ardhi. Niobiamu nayo ipo jirani tu, Panda Hill, upande wa Mbeya. Anayetaka kubishana kuhusu superkondakta na kanda hii aanzie hapo, Ngualla aiachie mota.