KONA YA SAYANSI: Kikohozi cha tangu kuzaliwa

Mwezi huu tuzungumzie mtoto anayekohoa na kutoka kamasi tangu kuzaliwa. Wengine husema karogwa, na lawama zote anabebeshwa mama. Hebu tuone sayansi inasemaje.

Ndani ya pua na njia ya hewa, seli zetu zina vinywele viitwavyo silia. Ni vyembamba mno: unene wa kimoja ni kama sehemu 1 ya 4,000 ya milimita! Kazi yao ni kufagia makohozi na vumbi kwenda kooni. Ndani ya kila kinywele kuna jozi 9 za mirija kwa mzunguko na mirija 2 katikati, pamoja na protini zinazofanya kazi kama injini ya kukichezesha.

Sasa, injini hiyo inaonekanaje? Kwa kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na magonjwa. Kila aina hushika kitu chake tu, kama ufunguo na kufuli. Hata kipimo cha haraka cha malaria hutumia kingamwili. Mwaka 1975 Georges Köhler na César Milstein, huko Cambridge, Uingereza, walipata njia ya kutengeneza kwa wingi kingamwili za aina moja.

Basi, mtaalamu huchukua seli za puani kwa brashi ndogo. Anatia kingamwili za rangi mbili zinazong'aa: moja inashika mirija, nyingine inashika injini. Kisha anatazama kwa hadubini. Mwaka 2005 watafiti wa Ujerumani walionyesha hivyo kwamba kwa baadhi ya wagonjwa vinywele vipo, lakini injini haimo. Ufagio upo, mkono wa kufagia hakuna!

Ugonjwa huu ni wa kurithi. Mara nyingi kasoro hutoka kwa baba na mama wote wawili, nao wenyewe ni wazima. Kwa hiyo jamani, hakuna wa kulaumiwa.

Kikohozi kina sababu nyingi, hata kifua kikuu. Mpeleke mtoto zahanati, na umwambie muuguzi kilianza lini. Tena, tusimweke karibu na moshi wa jikoni, maana moshi hudhoofisha vinywele hivyo.

Tukutane mwezi ujao.