Turbo ya okazi na feza ya nyumba



Juma hii tuongee juu ya kitu chenye wengi wetu tunaachia wanaume: piesi za okazi. Hapa Kingamyambo na Kolwezi yote, vijana wanapenda motokari za nguvu. Wanauziana turbo, janti, amortisere na freni zenye zilitoka kwenye motokari za Japani, zile zenye kupitia Dar es Salaam mupaka Kasumbalesa. Mapatano ni yao, lakini mara mingi feza inatoka pembeni ya feza ya masomo. Kwa hiyo inatuhusu.

Mama mujane mumoja alibakia na piesi za bwana yake katika depo. Kisha kilio, marafiki wa marehemu wakakuja: "Mama, hivi ni vyuma vizee, tukusaidie kuviondoa." Hakuuza siku hiyo. Aliita mafundi wawili wa garaji mbalimbali, akaandika kila piesi na bei yake katika kaye. Turbo moja tu ililipa minervale ya watoto wawili.

Na wewe mwenye kununua, tazama mbele ya kulipa:

Turbo: zungusha kwa vidole. Ikikwaruza ao ikitikisika sana, iache. Inazunguka zaidi ya mara 100 000 kwa dakika. Filtre ikiwa mubaya, mavumbi ya barabara zetu yanaikula.

Mapine: soma tarakimu 4 za mwisho kisha DOT. 2319 ni juma la 23 la mwaka 2019.

Diski ya freni: unene wa mwisho unaandikwa mara mingi juu yake. Ikipita chini ya hapo, ni ya kutupa.

Karatasi: andikeni majina, telefone, namba ya kadi ya muchaguzi, na motokari yenye piesi ilitoka. Bei rahisi sana, usiku, bila karatasi? Rudi nyumbani. Sheria yetu inaazibu pia mwenye kupokea mali ya wizi.

Mutoto akiomba feza ya turbo, umuulize kwanza freni zake ziko namna gani. Kwenye barabara ya Likasi, katikati ya malori ya minerai, kukimbia kila mutu anaweza. Kusimama ndiyo kunarudisha mutu nyumbani.

Mubakie na amani.