Kucheka Kila Kitu Sio Ujanja

Kuna aina ya komenti ambayo huwezi kuikosa chini ya posti ya Mkenya yeyote anayejaribu kitu. Msichana amefungua kibanda cha juisi: "Tupatane hapa baada ya miezi sita." Vijana wa mtaa wamechanga wakanunua mapipa ya taka: "Hayo kesho yako kwa soko la vyuma." Mtu amepata kazi: "Kwani babake ni nani?" Halafu laiki elfu mbili na wale vikatuni wa kulia kwa kicheko.

Mimi natengeneza video, kwa hivyo haya mambo nayaona kila siku. Hakuna kitu kinavuta laiki haraka kama kumcheka msee aliyejaribu. Na tumeuziana hii imani kwamba asiyeamini kitu ndiye mjanja, anayeamini ndiye fala. Mimi nakataa. Kutoamini chochote ndiyo kazi rahisi kuliko zote hapa Nairobi. Haitaki usome, haitaki uulize, haitaki uamke mapema. Ukisema "haitawezekana" na kweli ishindikane, unaitwa nabii. Ikiwezekana, hakuna mtu anarudi kukuuliza ulisema nini. Umewahi kuona mtu akidaiwa kejeli zake za mwaka jana?

Na usiniambie wewe huamini watu. Jana ulikaa kiti cha nyuma kabisa kwa matatu, ukampa msee usiyemjua noti ya 500, akampitishia mama mwenye mtoto, mama akampa konda aliyekuwa ananing'inia mlangoni. Chenji ikarudi kwa mikono ileile. Hakuna aliyeweka sahihi, na wewe muda wote ulikuwa unaskiza ngoma zako. Ulipofika tao ukala smokie pasua kwanza, ndio ukatoa pesa. Yaani jamaa wa smokie hakujui, lakini alikuamini na chakula chake chote cha mtaji. Siku nzima unaishi kwa kuamini watu. Ukishika simu ndio unakuwa mwanafalsafa wa "Kenya ni ya wenyewe".

Sasa, najua utanijibu nini. Utasema tumelaliwa sana, na ni kweli. Uliza wazazi wako kuhusu 2007, wakati mipango ya piramidi kama DECI ilianguka na watu wengi wakapoteza akiba yao. Kuna nyumba ambazo hiyo stori haiongelewi mpaka leo. Mtoto aliyelelewa na mzazi aliyechomeka hivyo anajifunza mapema: usitoe shilingi yako, usitoe jina lako, usijitokeze.

Lakini mwaka huohuo wa 2007, mwezi Machi, M-Pesa ilianzishwa. Fikiria vile ilikuwa inaskika kwa mtu wa wakati huo. Unaingia kwa kiduka, unampa muuzaji noti zako za kweli, zile za kushika, halafu anakuambia pesa sasa iko ndani ya simu. Na mama yako kule nyumbani ataitoa kwa kiduka kingine. Manze, kama kungekuwa na komenti siku hizo! Hiyo ingechekwa mpaka ifungwe.

Mbona moja ilikula watu na nyingine tukaiingiza kwa maisha yetu mpaka kanisani? Sio kwamba Wakenya waliamka siku moja wakiwa na roho nzuri. Piramidi inakuomba uamini ahadi: leta leo, utavuna kesho, usiulize nyingi. M-Pesa haikukuomba uamini maneno. Ilikupa meseji palepale, kwa simu yako na ya mwenzako, ikionyesha kiasi, jina, saa na salio. Ulijaribu na mia mbili. Ikafika. Ukajaribu na elfu. Ikafika. Baadaye ukatuma karo. Imani ilijengwa na risiti, pole pole, kuanzia pesa ambayo hata ikipotea hulali njaa.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo wajuaji wa komenti hawataki kuiona. Mtu makini anauliza swali halafu anangoja jibu. "Pesa iko kwa akaunti gani? Nani anaweza kuitoa? Naweza kuona?" Hayo ni maswali mazuri, uliza hata mara kumi. Mcheka-wote hangoji jibu, kwa sababu jibu linaweza kuwa zuri, na hapo atalazimika kufanya kitu.

Na hapa ndipo mimi huchoka kabisa, kwa sababu hii kejeli haiishii kwa wengine. Ukizoea kusema "hawa hawawezi", kuna siku unageuka kwa kioo na sentensi ni ileile, umebadilisha mtu tu.

Kwa ploti yetu kuna dada mmoja, nisimtaje, alipata barua ya kujiunga na chuo cha ufundi. Fomu za basari za wadi zikatoka. Zilihitaji nakala ya kitambulisho cha mzazi, barua ya chuo na sahihi ya chifu. Kila mtu alimwambia, na nasikia yeye mwenyewe alikuwa ameshajiambia: "Hizo ni za watu wao." Hakuchukua fomu. Tarehe ikapita. Mpaka leo anauza mitumba na shangazi yake, na ukimuuliza anakuambia Kenya ni kujuana tu.

Labda angenyimwa. Sitakudanganya kwamba hakuna kujuana, kila mtu anajua jina lililopita bila makaratasi. Lakini yeye hakunyimwa na wadi. Alinyimwa na sentensi. Jina lake halikuwa hata kwenye rundo ambalo mtu angeliruka kwa makusudi, kwa hivyo hana hata pa kulalamikia. Mwenye aliwasilisha fomu na akanyimwa anaweza kwenda kuuliza sababu, akaomba kuona orodha, akasumbua ofisi ya MCA mpaka wamchoke. Yeye ana hisia tu, na hisia huwezi kuipeleka ofisi yoyote.

Mnajua Faith Kipyegon alifanya nini mwaka wa 2025? Alitangaza mbele ya dunia nzima kwamba atajaribu kukimbia maili moja chini ya dakika 4, kitu ambacho hakuna mwanamke amewahi kufanya. Angeweza kukaa kimya. Alikuwa na dhahabu tatu za Olimpiki mfululizo za mita 1500, nani angemuuliza kitu? Tarehe 26 Juni akakimbia kule Paris, na hakufika. Alimaliza kwa 4:06.42, zaidi ya sekunde sita nje ya lengo. Wajuaji wakaingia kazini, si mnawajua. "Si tulisema." Na hata ile 4:06 haikuhesabiwa kama rekodi rasmi kwa sababu ya vile mbio zenyewe zilipangwa, na wale waongoza kasi wote.

Siku tisa baadaye, tarehe 5 Julai, kule Eugene, Marekani, alikimbia mita 1500 kwa 3:48.68. Rekodi mpya ya dunia. Mwanamke wa kwanza kushuka chini ya 3:49.

Kuna mtu ataniambia huyo ni Faith, ana kipaji. Sawa, ana kipaji, hakuna mtu anakuitisha rekodi ya dunia. Mimi ninachoangalia ni zile siku tisa. Alishindwa hadharani, kila mtu akiona, na hakuchukua ile 4:06 kama ushahidi kwamba yeye si kitu. Wengi wetu tukikataliwa barua moja ya kazi tunaandika thread nzima ya kueleza kwa nini nchi hii imekufa.

Ukitaka mfano usio na medali, nina chama. Tuko tisa, wengi wetu tulikuwa kwa chama kingine ambacho mweka hazina alizima simu mwezi wa Desemba na mchango wote. Tulipoanza tena Januari hakuna aliyekuwa anamwamini mwenzake, na hatukujifanya. Tulisema wazi: hapa hakuna kushika pesa ya mtu. Kila Ijumaa kila mmoja anatuma mia mbili moja kwa moja kwa mwenye zamu, halafu anaweka skrinshoti kwa kikundi kabla ya saa tatu usiku. Ukichelewa hakuna matusi, jina lako linaandikwa tu kwa orodha. Wiki ya nne mmoja alichelewa siku mbili, akaeleza, akalipa. Wiki tisa zikaisha, kila mtu alikuwa amepata zamu yake.

Hapo ndio tukaongeza mchango hadi mia tano, na ndio tukafungua akaunti ya benki, ya sahihi tatu, hakuna mtu anaweza kutoa akiwa peke yake. Si pesa nyingi. Lakini kuna msee mle ndani, mkimya sana, ambaye mwanzoni hakuwa anataka hata kuandika kwa kikundi. Sasa ndiye anasoma hesabu kila mwezi kwa sauti, na akiona shilingi haieleweki anasimamisha mkutano.

Wiki iliyopita jamaa aliyetucheka sana Januari aliuliza kama kuna nafasi ya mtu wa kumi. Tulimtumia kanuni na taarifa ya benki. Akarudi na maswali matatu. Mawili tulikuwa na majibu. La tatu, yaani itakuwaje mmoja wa wenye sahihi akifariki, hatukuwa tumelifikiria. Tunalijadili Ijumaa, na yeye ameitwa akuwe hapo.