"Progress" ni Nini?

Neno la Kiingereza "progress" limekuwa fimbo ya kuwapigia wenzetu. Mtu akiezeka nyumba yake kwa bati, husifiwa kwamba ana progress. Jirani yake mwenye nyumba ya makuti huambiwa hana, ijapokuwa watoto wake wote wasoma, wala hadaiwi na mtu. Mimi nayapinga matumizi hayo.

Neno hilo latoka katika Kilatini, na maana yake ni kupiga hatua kwenda mbele. Wala huwezi kujua kama hatua ni ya mbele mpaka ujue mwendaji atoka wapi na aelekea wapi. Waingereza wa zamani waliziita hivyo hata safari za wafalme wao. Malkia Elizabeth wa Kwanza, aliyetawala tangu 1558 hata 1603, alizoea kuzunguka katika nyumba za wakuu wake, na gharama kubwa iliwaangukia wenyeji. John Bunyan naye aliliweka neno hilo katika jina la kitabu chake cha msafiri, kilichochapishwa mwaka 1678. Mtazameni msafiri huyo. Hapati bati wala baiskeli. Aondoka mjini kwake na mzigo mgongoni, na mzigo wamwanguka penye msalaba. Baadaye yeye na mwenzake waiacha njia iliyowaumiza miguu, wakafuata ya kando iliyo laini, hata wakakamatwa na jitu na kutiwa kifungoni. Miguu yao ilikuwa ikienda mbele wakati wote! Je, hiyo nayo tuiite progress?

Na sisi walimu hatuna udhuru. Kwa kuwa "maendeleo" huanza kwa ma-, twawaacha wanafunzi waandike "many progresses". Si sawa. Kwa maana hii Waingereza hawalihesabu neno hilo, kama sisi tusivyohesabu maji moja, mawili. Wingi wake wafaa kwa zile safari za kifalme. Tena daktari wao husema "progress" ya ugonjwa, kama nasi tusemavyo homa yaendelea, wala hakuna apigaye vigelegele.

Basi mtu akisimama mkutanoni na kusema kwamba kijiji chetu kina progress, na aulizwe: kutoka wapi, kwenda wapi? Akijibu kwa kuonyesha bati lake, aulizwe tena ni nani achotaye maji ya nyumba hiyo, na mto u umbali gani.